Kondoo Niliyetozwa kwa Kununua Majina

Nyumba ya Bentsil,
Nyuma ya kituo cha malori,
Edwubakrom.

Kwa Baba Gyasi,
Msemaji wa Nana,
Jumba la Chifu,
Edwubakrom.

Baba Msemaji,

KUH: KUPINGA FAINI YA KONDOO NA CHUPA MBILI ZA POMBE YA JINI

Kwa kuwa mtu wa kawaida hasemi na chifu wetu Nana uso kwa uso, nami sitaki kuwa wa kwanza, naomba maneno haya yapite kinywani mwako. Ukikuta yana miiba, yachambue kama samaki wa mgeni, kisha ndipo umwandalie Nana.

Mimi sijambo kiasi, isipokuwa nakula kenke, bumbe letu la mahindi, bila pilipili, watu wakiniona wanaanza kunong'ona, na dada yangu wa tumbo moja hajanisemesha tangu mavuno ya mahindi. Haya yote yametokana na kazi yangu, kazi ambayo baraza liliihukumu bila kuielewa. Nitaieleza upya, polepole.

Mimi hununua majina ya tovuti. Mtu akitaka duka lake, kanisa lake au mji wake uonekane kwenye intaneti, lazima awe na jina la kuandika pale juu, na jina hilo hawawezi kuwa nalo watu wawili. Anayewahi kulisajili na kulilipia kila mwaka ndiye mwenyewe. Basi mimi huwahi. Halafu husubiri yule anayelihitaji. Marehemu mjomba wetu alinunua kinamasi karibu na barabara watu wakamcheka, na leo kinamasi hicho ni kituo cha malori na wanawe wanakula kodi. Hakuna aliyemtoza kondoo. Mimi nami nina vinamasi vyangu, tofauti ni kwamba vyangu havina mbu.

Nakiri kwamba mpaka sasa nimeuza jina moja tu, kwa mtengenezaji wa majeneza wa Accra, na fedha zake ziliezeka jiko la mama. Lakini mkulima wa kakao naye haulizwi mwaka wa kwanza.

Sasa malalamiko yangu.

1. Kuhusu jina la mji. Chama cha Maendeleo kilipotaka kutangaza sikukuu yetu kwenye intaneti, kilikuta jina Edwubakrom limeshanunuliwa. Mwenyekiti wao, Madam Otsiwa, aliyekuwa muuguzi mkuu na bado anatembea kama aliyeshika sindano, alikuja mpaka barazani kwangu.

"Ekow," akasema, "jina hili tuliachiwa na watu waliolala njaa njiani wakitafuta pa kukaa. Wewe una risiti yake?"

"Ninayo, Madam," nikamjibu, nikaenda kuileta.

Nilidhani atafurahi kukuta mambo yamewekwa sawa. Badala yake chama kikaamua kuandika jina la mji kwa herufi nyingine, Ejubakrom, na mabango yote yakachapwa hivyo. Matokeo yake wageni wengi, pamoja na bendi ya tarumbeta, walikwenda kwenye mji mwingine wenye jina linalokaribiana, wakala, wakacheza, na nasikia walisifiwa sana kwa kuja. Lawama nikabebeshwa mimi. Naomba ijulikane kwamba sikuwa na hatia. Hilo la Ejubakrom nililinunua baadaye kabisa, mabango yalipokwisha kubandikwa.

2. Kuhusu kenke. Maame Yaaba amekuwa akinilisha tangu nikiwa shule ya msingi. Banda lake linaitwa Mungu Ataonyesha, na niliponunua jina hilo nilikuwa na nia njema ya kumuuzia kwa awamu, hata kwa samaki. Nilipomweleza aliendelea kufungua kenke yangu, akaniwekea samaki, akanipa sahani. Pilipili hakuna.

"Maame, umesahau pilipili," nikasema.

"Sijasahau, mwanangu. Pilipili nimemkodisha mwenzio mwaka mzima. Nenda ukaongee naye, labda atakuuzia kwa bei ya ndugu."

Wapakiaji mizigo wote wakacheka, mmoja akapaliwa na mfupa ikabidi apigwe mgongoni. Tangu siku hiyo, Baba Msemaji, kila ninapoingia pale kuna mtu anauliza, "Ekow, chumvi bado haina mwenyewe?" Hili ni tusi kwa mwekezaji.

Ya makanisa sitayasema mengi. Mji huu huzaa kanisa jipya kila mvua zikianza, nami nilichofanya ni kukaa, kutafakari, na kuyasajili kabla hayajazaliwa. Mchungaji mmoja alipooteshwa jina la kanisa lake akalikuta kwangu, alitangaza madhabahuni kwamba nina pepo. Kwa nini lisiwe jambo la fahari, kwamba mimi na yeye tuliota ndoto moja, ila mimi niliamka mapema?

3. Sasa nafika kwenye jambo lenyewe, lile la mtoto wa dada yangu Adwoa. Nana hakuwepo, na waliomsimulia ni akina Amissah, kwa hiyo naomba asikie upande wa pili.

Mtoto ni wa kiume, alizaliwa Jumatano, hivyo ni Kweku, na hilo halina mjadala wala soko, maana akina Kweku wamejaa. Kilichosubiriwa siku ya nane ni jina lake hasa, lile la kupewa na baba. Baba ni shemeji yangu Kobina Amissah, mchomeleaji wa mageti, mtu mpole ambaye sikuwahi kumsikia akipandisha sauti. Alikuwa amelificha jina hilo hata mkewe asilijue. Tulikusanyika jua halijachomoza, mzee wao akamkalisha mtoto pajani, akachovya kidole kwenye maji, akamgusa ulimi: "Ukisema ni maji, yawe maji." Akachovya kwenye jini: "Ukisema ni pombe, iwe pombe. Kuanzia leo wewe ni Kweku Nyarkoh Amissah."

Watu wakaitikia. Nami nikaitikia, kwa mdomo. Vidole vilikuwa kazini. Nilichosahau ni kuizima simu sauti, na katika ule utulivu wa alfajiri akasikika mwanamke akisema: "Hongera! Jina hili sasa ni lako."

Kobina akageuka. "Shemeji, umefanya nini?"

"Nimemwekea mpwa wangu akiba," nikasema. Na huo ndio ukweli; nikisema ni maji, ni maji. "Akiwa daktari au mbunge atalihitaji. Atalikuta kwa mjomba."

"Atalikuta kwa bei gani?"

"Bei ya ukoo."

Hapo dada yangu akafunika uso kwa kanga. Mzee Amissah akasema jina lile limeshachafuka, akachovya upya, akamwita mtoto Kweku Essilfie. Baba Msemaji, mwindaji akisikia majani yakitikisika hamwulizi mtu ruhusa. Yule mwanamke akatoa hongera mara ya pili. Mzee akachovya mara ya tatu, mtoto sasa analia kwa sababu ya jini, akalitamka jina kwa haraka sana, kama mtu anayetema kitu cha moto, na mimi kwa heshima zote nikauliza:

"Samahani mzee, hilo ni kwa f moja au mbili?"

Sikujua kwamba mtu wa umri ule anaweza kurusha glasi mbali vile.

Ndipo Kobina akamchukua mwanawe, akachukua maji na chupa, akaenda naye nyuma ya tangi la maji la uani. Tulimwona anainama sikioni mwa mtoto. Aliporudi alikuwa ametulia.

"Ameshapewa jina," akasema.

"Anaitwa nani?" Adwoa akauliza.

"Mwenyewe anajua."

Na hivyo ndivyo ilivyo hadi leo. Mji wetu una mtoto mwenye jina analolijua baba yake na yeye mwenyewe tu, na yeye mwenyewe bado anajifunza kukaa. Kadi yake ya kliniki ina nafasi wazi. Dada yangu akitoka mlangoni na kuita "Kweku!" nusu ya mtaa inaitika. Amembembeleza mumewe, amempikia supu ya njugu, amelia, na jibu ni lilelile: "Nyinyi damu yenu moja. Likikuingia wewe leo, kesho Ekow amelilipia." Adwoa akarudi kwa mama yetu kwa muda. Alipita mbele yangu uani kama anayepita mbele ya ukuta. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni kwenda shule mto ulipojaa.

4. Kuhusu hukumu. Nilipoitwa barazani nilikuja na hoja zangu zimepangwa. Nana alinong'ona kidogo tu, nilimwona mimi mwenyewe, midomo haikuchukua muda. Lakini wewe, Baba Msemaji, ulisimama na fimbo yako ukasema: "Nana anasema, kiwanja ukikizungushia ukuta unazuia mbuzi, jina ukilizungushia ukuta unamzuia mwenyewe asiingie kwake." Watu wakapiga makofi mpaka kuku wakakimbia. Na faini iliyopigiwa makofi haina rufaa. Naomba kujua, kwa nia njema, ni maneno mangapi kati ya hayo yalikuwa ya Nana na mangapi yalikuwa mapambo, kwa sababu nahisi kondoo alikuwa kwenye mapambo.

Basi maombi yangu ni haya. Kondoo na jini viondolewe. Kobina Amissah aamriwe kulitaja jina la mtoto mbele ya baraza, herufi moja moja, nami nitakuwepo kama mjomba tu. Na ili mambo ya aibu yasijirudie, kila mtoto, duka, kanisa na lori la mji huu lipitishwe kwangu kabla halijapewa jina, nami nitatoa punguzo kwa mayatima.

Ili baraza lione kwamba sina kinyongo, napenda kumjulisha Nana kuwa jina lake la kiti cha enzi limehifadhiwa salama kwangu tangu mwaka juzi. Na kwa kuwa mtu mwenye busara hutazama mbele, nimehifadhi pia majina ya wapwa zake wote wanaoweza kumrithi, Mungu amweke. Nana akinidokeza ni yupi anayempendelea zaidi, nitampa bei nzuri.

Nakusalimu wewe na nyumba yako, wazee wa baraza, wapiga ngoma, Madam Otsiwa na Chama chake kwa tahajia zote mbili, na Maame Yaaba, ambaye namtakia biashara njema hata kama hanitakii pilipili.

Wako katika utii,

Ekow Bentsil,
Mwekezaji.

Nyongeza: Bahasha ilikuwa imeshafungwa nilipoitwa ndani, nimeifungua tena. Mke wangu Ekua amejifungua leo alfajiri, wiki mbili kabla ya tulivyotegemea. Mtoto wa kike, na leo ni Alhamisi, basi ni Aba. Mkunga alichelewa. Aliyefika kwanza ni Adwoa, mwanawe mgongoni na sufuria ya maji ya moto mkononi, akanisukuma mlangoni bila salamu, akafanya yote yaliyotakiwa kufanywa. Alipomaliza akaniwekea binti yangu mikononi. Ana pua ya marehemu bibi yetu, Baba Msemaji. Sikujua kwamba pua inaweza kurudi.

Adwoa akamtazama, kisha kwa mara ya kwanza tangu mahindi akanisemesha. "Na jina lake hasa? Unampa la nani?"

Nilikuwa nalo. Lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini dirishani nikamwona Sackey, yule kijana wa kituo cha malori niliyemfundisha biashara hii kwa mikono yangu, amekuja kunipongeza, anatabasamu, simu iko wazi. Nikajikuta nimeinuka na mtoto wangu kifuani, nimefunga dirisha, nimeshusha pazia, nimesukuma kiti mlangoni.

"Dada," nikanong'ona, "sema polepole."

Adwoa akanitazama mimi, akatazama dirisha, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa sakafuni, mpaka Ekua kitandani akacheka akishika tumbo, mpaka Kweku mgongoni akaamka akalia. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeziba masikio ya mtoto.

Kwa hiyo naomba usimsomee Nana barua hii. Mwambie tu kwamba kondoo anakuja leo jioni, ni dume, na jini ni chupa tatu. Ile ya tatu si faini. Ni ombi langu kwako, kwamba siku ya nane kabla jua halijachomoza usimame mlangoni kwetu na fimbo yako ukusanye simu zote za watu. Anza na Sackey.