Kalamu ya Kijivu

Jumatatu, 11 Novemba

Siamini. Mitsuho! Yule ambaye chuoni hakujua hata kuchonga penseli ameomba chumba cha juu cha duka la karatasi na kalamu la Mzee Kusakabe. Chumba changu! Nimekitamani miaka miwili: dirisha la kaskazini, meza ndefu, harufu ya madaftari mapya ikipanda ngazi. Anataka kufundisha watu kupamba makopo kwa utepe wa karatasi. Makopo! Hapa Kurashiki, unakotengenezwa utepe huo na kubandikwa hadi kwenye baiskeli!

Nikamwambia Mzee Kusakabe kwamba mimi nitafundisha watu kuchora kwa vifaa vya dukani kwake, na kufikiri. Akasema kufikiri hakuuzi madaftari. Kisha akatoa sharti. Kila mmoja wetu afanye darasa moja la majaribio kabla ya mwezi kuisha. Atakayeleta watu wengi ndiye atakayepewa chumba.

Mitsuho ana marafiki. Mimi nina Bibi.

Jumatano, 13 Novemba

Nimeipata! Chini kabisa ya rafu: kalamu ya brashi yenye wino wa kijivu.

Najua ni ya kuandikia barua za msiba. Kila mtu anajua. Wino hafifu, eti machozi yameuzimua. Lakini kijivu kile! Kwa nini rangi nzuri hivyo waachiwe marehemu peke yao? Darasa langu litakuwa hivi: kalamu moja, karatasi moja, saa mbili za ukimya. Na mialiko nitaiandika kwa kalamu hiyohiyo. Watu wazima husoma maneno, si rangi ya wino.

Nilipolipa, Mzee Kusakabe alinitazama, akainama chini sana, akaifunga kalamu kwa karatasi nyeupe bila kuuliza kitu. Hatimaye ananiheshimu.

Jumamosi, 16 Novemba

Kadi ishirini na mbili tayari zimo kwenye sanduku la posta. Kadi nyeupe, mstari mwembamba mweusi pembezoni, maneno machache. Anayejiamini hajielezi. "Jumapili tarehe 24, saa nane mchana, nyumbani kwa Toshie. Njooni tukae kimya pamoja."

Toshie ni Bibi. Sebule ni yake, na kitabu cha anwani pia ni chake, maana mimi anwani ninazo tatu. Nilimwomba ruhusa. Akasema nifanye nitakalo, mradi nisimwage wino kwenye mikeka.

Jumanne, 19 Novemba

Mambo ya ajabu. Majirani wananisalimia kwa sauti ya chini. Bibi Yasuko, aliyesoma na Bibi shule ya msingi, amenipigia simu kutoka Okayama. Alikuwa analia! Nilipotaka kumweleza kuhusu darasa, akanikatiza: "Pole mjukuu wangu, usiseme kitu, nakuja." Akakata simu.

Sijawahi kusikia mwaliko uliomliza mtu kabla hajashika hata kalamu.

Na Mitsuho ameniandikia ujumbe. Anasema tuache kushindana kwa sasa, niwe na nguvu, nisisahau kula. Ameogopa!

Jumapili, 24 Novemba



Saa nane kasoro dakika tano nilichungulia dirishani. Msururu wa watu hadi kwenye kona, wote wamevaa nyeusi. Kati yao Mzee Kusakabe, naye kwa suti nyeusi, tasbihi mkononi. Nikafikiri: mungu wangu, wameelewa! Wamevaa kulingana na mada!

Kisha Bibi akawafungulia mlango.

Bibi Yasuko alikuwa wa kwanza kuingia. Hakupiga kelele. Alikaa chini taratibu, juu ya viatu vyetu vilivyokuwa mlangoni, mkono mmoja kifuani, mwingine umeshika bahasha ya rambirambi. Nyuma yake mtu aliangusha udi. 

"Toshie," akasema Bibi Yasuko, "umekufa au hujafa?"

"Nilikuwa natengeneza chai," akasema Bibi.

Wakazitoa kadi. Hakuna hata mmoja aliyesoma zaidi ya tarehe na saa! Waliona kijivu, wakaona mstari mweusi, wakaona jina la Bibi, wakaanza kulia. Nikawaeleza kuhusu ukimya. Hapo ukimya ulikuwepo wa kutosha.

Bibi alisoma kadi yangu mara mbili. Nilisubiri anifukuze. Badala yake akawatazama wageni mmoja mmoja, akihesabu kwa kidole.

"Kwa hiyo rafiki yangu Hamako hakuja kunizika," akasema. "Sasa nimemjua."

Walikunywa chai, wakaondoka. Hakuna aliyegusa kalamu.

Jumatatu, 25 Novemba

Nimekwenda kwa Mzee Kusakabe. Watu kumi na tisa! Darasa la Mitsuho, wiki moja kabla, lilipata kumi na mmoja tu! Akasema wangu hawakuja kujifunza, walikuja kuzika. Nikakaa kwenye ngazi za chumba changu nikakataa kuondoka. Akachoka. Akasema sawa: kama kumi kati yao watanisamehe na kurudi kujifunza ifikapo tarehe 30, chumba ni changu.

Jumatano, 27 Novemba

Nimetafakari kwa siku mbili. Kosa lilikuwa moja tu: nilichagua rangi ya wafu. Kwa hiyo barua za kuomba radhi zinahitaji rangi ya walio hai.

Jibu lilikuwa makaburini. Jiwe la familia yetu lina majina mawili: la Babu, ambalo rangi yake iliondolewa alipofariki, na la Bibi, lililopakwa nyekundu kwa kuwa bado anaishi, anasubiri zamu yake. Nyekundu ni uhai! Mbona hakuna aliyefikiria hili?

Nimenunua kalamu ya brashi nyekundu. Mzee Kusakabe hakuwepo. Aliyeniuzia ni Mitsuho, ambaye tayari anajifanya mwenye duka. Akauliza ni ya nini. Nikamwambia. Akarudia taratibu, "Majina ya watu, kwa nyekundu, kama kwenye jiwe la kaburi?" akatabasamu, akanipa na ya akiba bure. Wivu umemmaliza.

Barua kumi na tisa zimeshatumwa. Kila moja ina jina kamili la mgeni, kubwa, jekundu, katikati ya karatasi nyeupe, na chini yake: "Nafasi yako ipo. Tunakusubiri."