Kimya cha Ubora wa Juu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa kikao hiki, ambaye ni mimi. Mheshimiwa Kaimu Mkurugenzi wa Idara ya Usikivu wa Raia, ambaye vilevile ni mimi. Naibu wangu Bwana Kihara, aliyetuma udhuru kutoka semina ya Naivasha. Katibu wangu Jackie. Viongozi wa dini mliofika na mlio bado njiani kutoka Parklands. Wawekezaji, wadau, wabia na wabia wa wabia. Na nyinyi wakazi wa Kilimani mlioshuka hapa katikati ya jiji asubuhi hii na watoto mgongoni: itifaki yote imezingatiwa, na iliyosahaulika ihesabiwe kuwa imezingatiwa. (Makofi kutoka safu ya mbele, ambako wameketi wafanyakazi wa idara.)

Ndugu wananchi, swali lililo mbele yetu ni dogo: je, kile kiwanja kilicho nyuma ya maduka, ambapo watoto wenu hucheza, kigeuzwe kuwa maegesho ya magari ya zile nyumba mpya za ghorofa, au kisigeuzwe? (Sauti: "Kisigeuzwe!") Subiri, mama. Serikali makini haisikilizi ovyo ovyo. Ndiyo maana idara yangu, chini ya uongozi wangu wenye maono, ilibuni Mfumo Jumuishi wa Usikivu wa Ubora wa Juu, ambapo maoni yenu tuliyoyarekodi mwezi jana yanatoka katika kipakatalishi hiki, yaani laptop kwa lugha ya kibarazani, yanapita kwenye integrated graphics, ile chipu ya picha iliyomo humo ndani, yanasafiri kwa waya wa HDMI mpaka skrini hii kubwa mnayoiona nyuma yangu, kisha yanawafikia masikioni yakiwa safi kama maji ya chupa. (Watu wanaitazama skrini. Mtoto analia.)

Na kwa mujibu wa Kanuni ya Saba, niliyoiandika mwenyewe, maoni halali ni yale tu yatakayosikika kupitia mfumo huu, na ikiwa hadi mwisho wa hotuba yangu hapatasikika neno, kimya hicho kitachukuliwa kuwa ridhaa ya wakazi. (Minong'ono.) Odero, fundi wetu, hebu cheza maoni.

(Kimya.)

Mnaona? Hata kimya chenyewe ni safi, hakina mkwaruzo. (Sauti: "Hatusikii kitu!") Odero ananinong'oneza kwamba sauti ilirekodiwa kwa kilohezi mia moja tisini na mbili, kwamba huenda ni nyingi mno kwa grafiki hizi, na anaomba kushuka hadi arobaini na nane. Namruhusu ashuke, ingawa inaniuma, kwa sababu asilimia tisini na nne ya wataalamu niliozungumza nao hotelini wanasema mwananchi anastahili kilohezi zote.

(Kimya.)

Sasa amesasisha draiva, ile programu ya kuendesha vifaa. Amezima kompyuta na kuiwasha. (Sauti: "Si muweke spika ya laptop yenyewe?") Bwana, spika ya laptop! Ile ni low resolution, ubora wa chini, na mimi siwezi kuwatusi watu wangu kwa kuwasikiliza kwa bei rahisi. Sasa Odero anasema kompyuta haioni skrini, haimo kabisa kwenye orodha ya vifaa, na anaomba kwenda nyuma kuangalia waya unaingia wapi. Ombi limekataliwa, nyuma ya skrini ni eneo la usalama. Halafu jamani, skrini yote hii, upana wa ukuta, sisi sote tunaiona, iweje mashine pekee isiione? Hilo ni tatizo la macho ya mashine. (Vicheko.)

Naona Odero amechomeka vipokea sauti vyake mwenyewe kwenye laptop na kuvivaa masikioni. Anaitikia kwa kichwa. Unasikia nini? (Odero: "Boss, iko poa kabisa. Ni yule mama wa daycare, Philister. Anasema watoto hawana place ingine ya kucheza, wakitolewa hapo watabaki barabarani.") Asante. Ieleweke kwamba amesikia Odero kwa nafasi yake binafsi. Kikao hakijasikia.

(Mwanamke anasimama katikati ya ukumbi: "Philister ni mimi! Si niko hapa? Niulize tu! Hao watoto ni wangu kuwalea, na gari haziwezi kuwaonea huruma. Tunakataa!" Ukumbi mzima: "Tunakataa!")

Mama Philister, keti, dada yangu. Sauti yako nimeipenda, lakini haikupitia waya wowote, na nikiipokea hivihivi wawekezaji watasema nini kuhusu viwango vyetu? Ukiona vyaelea, vimeundwa. Basi tuseme pamoja: Usikivu! (Safu ya mbele: "Juu!") Usikivu! ("Juu zaidi!")

Kwa kuwa ukumbi huu una harusi mchana, nimalize kwa shukrani. Namshukuru Jackie kwa kutuazima laptop ya mwanawe. Na kwa namna ya pekee namshukuru Bwana Lenox wa duka la mabango, ambaye, baada ya bajeti ya skrini kutumika yote kwa safari yetu ya kwenda kujifunza jinsi skrini zinavyonunuliwa, alituchapia skrini hii kwenye turubai, na nembo yake, na ile taa ndogo nyekundu ya pembeni, kwa ustadi mkubwa hata fundi wetu amekuwa akihangaika kuiunganisha tangu asubuhi.

(Odero anashika pembe ya skrini. Inajikunja mkononi mwake. Ukumbi mzima unapigwa na butwaa. Hata mtoto aliyekuwa akilia ananyamaza.)

Naona mmenyamaza. Jackie, andika: wamekubali.