Nani Atamleta Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Mama mkwe anapasuliwa jicho Alhamisi, Jumamosi anaruhusiwa. Mke wangu kauliza eti nani atamfuata hospitali. Mimi, nani mwingine? Akakohoa. Akasema gari langu linazima kila kwenye mataa, na mwanyumba wangu, huyo aliyemuoa dada yake, kajitolea. Kajitolea! Gari lake alilitengeneza mwenyewe uani, na tangu siku hiyo mama mkwe hana wimbo mwingine. Mkwe mwenye mikono! Kwani yangu ni ya kupungia? Roho inaniuma.

Jumanne, 5 Machi
Nimepita gereji, kama mtu anayeulizia njia tu. Fundi kasema huo ni uchafu. Nifungue bomba la hewa, nitoe throto, kile kilango kinachopitisha hewa kuingia kwenye injini, nikisafishe. Halafu nizibe tundu kwa kitambaa, bolti isije ikadumbukia ndani. Akauliza kama nimewahi. Nikacheka sana. Sijawahi.

Jumatano, 6 Machi
Kazi! Klipu ya kwanza imerukia maua ya jirani. Ya pili imenirukia usoni. Bomba likagoma, nikalivuta mguu mmoja juu ya bampa. Likatoka, nami nikakaa chini kwa kishindo. Throto nje! Masizi meusi tii. Nikanyakua kitambaa kwenye kamba ya nguo, nikaziba tundu, nikasugua kilango mpaka kikang'aa. Nimerudisha kila kitu. Imebaki bolti moja tu. Ya ziada, bila shaka. Mwanyumba angeweza haya? Thubutu!

Alhamisi, 7 Machi
Mama kapasuliwa salama. Gari haliwaki. Linakohoa, linanyamaza. Sababu naijua: mwanyumba alipita jana jioni, akalitazama, akanipa hongera. Kijicho kitupu! Mke wangu naye kapoteza mtandio wake, zawadi ya mama yake, alitaka kuuvaa Jumamosi. Nimemsaidia kuutafuta, mpaka uvunguni nimeingia. Nikamwambia watu wa siku hizi hawana haya, hata nguo ya kwenye kamba wanaiba.

Ijumaa, 8 Machi
Mke wangu kamwita mwanyumba. Bila kuniuliza! Kaja na sanduku lake, kila spana na nafasi yake. Kafungua bomba, katoa throto, kaingiza vidole viwili kwenye tundu. Akavuta. Akavuta tena. Mtandio! Mrefu, mweusi, unanuka mafuta. Nikatamani ardhi ipasuke nizame. Akautazama, akanitazama, akautia mfukoni. Bolti yangu ya ziada akairudisha mahali pake. Gari likawaka papo hapo. Mke wangu alipotoka nje, akaambiwa kazi yote nimeifanya mimi, yeye kakaza tu. Na mtandio? Kasema kauokota mtaroni, upepo uliupeleka. Jamani, mtu huyu ananipita hata kwa uongo!

Jumamosi, 9 Machi
Nimemleta mimi! Mama mkwe kaketi mbele, jicho lina bendeji. Gari halikuzima hata mara moja. Akasema kumbe mwanangu nawe ni fundi. Kifua kikanijaa. Kisha akaongeza kwamba kaambiwa na mwenzangu, alimpigia simu kunisifu, ana roho nzuri yule, hana kinyongo na mtu. Njia nzima! Taa nyekundu, mwanyumba. Taa ya kijani, mwanyumba.

Jumapili, 10 Machi
Kwenye chai mama mkwe kasema mwanyumba ameanza kujifunza kutengeneza breki. Ameanza! Mimi zangu nimeshazitoa, magurudumu yote manne, ziko chini kwenye gunia. Mke wangu kauliza zilikuwa na tatizo gani. Hazikuwa na tatizo. Kesho asubuhi mama mkwe anarudi hospitali kutolewa bendeji, na mwanyumba kajitolea tena. Nimempigia simu sasa hivi. Nimemwambia asijisumbue, mama anaenda na mimi.