Spesa Nene kwa Gari la Marehemu

Jumatatu, 3 Februari

Upepo wa mlima Akagi tangu alfajiri. Nguo nilizoanika zimekauka ngumu kama mbao. Nimeweka wali na chai mbele ya picha ya marehemu mume wangu Kyuji, kisha nikaenda bandani kukaa ndani ya gari lake. Mark II nyeupe. Kiti cha kushoto, changu. Sijawahi kuendesha hata baiskeli, lakini kiti kile nimekikalia miaka na miaka, na tangu Kyuji afariki nakikalia kila asubuhi. Kiti chake, pale pembeni, kina shimo la makalio yake. Shimo kama lile haliuzwi.

Masanori anauza. Mwanangu wa kumzaa! Eti gari linakula kodi na halitembei. Nikamwambia hata yeye anakula na hatembei, anashinda kwenye kochi. Hakucheka. Mnunuzi wa kwanza anakuja kesho.

Jumanne, 4 Februari

Wamekuja mume na mke kutoka Maebashi. Watu wa adabu, wameinama mpaka nikaona visogo vyao. Nikawaambia kwa upole kwamba marehemu alikata roho pale pale kwenye usukani, na kwamba asubuhi nyingine honi inalia yenyewe. Uongo. Kyuji alifia hospitalini huku akilalamika kwamba uji ni maji matupu. Mke akaanza kurudi nyuma bila kugeuka. Wameondoka bila kugusa chai. Ushindi!

Jioni Masanori akaniwakia. Jumapili anakuja mnunuzi mwingine, na mimi nisitoke jikoni. Nikitia neno, ananipeleka nikakae kwa dada yake huko Chiba. Chiba! Kwa mkwe anayetia sukari hata kwenye samaki. Haya, mdomo wangu umefungwa. Mikono hajaifunga.

Jumatano, 5 Februari

Nikitoka kununua tofu nimepitwa na gari la wahuni. Tumbo linakaribia lami, magurudumu yametokeza nje kama masikio. Jirani yangu Tomie, anayejua kila kitu isipokuwa kunyamaza, akasema hizo ni spesa: pete nene za chuma, zinabanwa nyuma ya gurudumu, gurudumu linasukumwa nje. Akasema mtu mwenye heshima zake hawezi kupanda kitu kama kile, majirani watasemaje.

Nikamshukuru. Akanitazama kwa mashaka. Hajazoea.

Lakini fikiria! Nani atanunua gari la mzee wa watu lililovalishwa kihuni? Mimi shule niliiacha mapema nikaenda kiwandani kufuma hariri, lakini wajukuu zangu wa chuo kikuu hawawezi kupata wazo kama hili hata wangelala ndani ya maktaba.

Alhamisi, 6 Februari

Masanori alipokwenda kazini nikampigia Hosoya wa gereji aje alichukue gari, na mimi ndani yake. Hosoya namjua tangu ana makamasi. Sasa ana kipara na bado hanywi chai bila kumwagia shati.

Akatandaza spesa juu ya meza. Za kwanza nyembamba kama biskuti ya mchele. Za pili unene wa kidole. Za tatu nene kama kipande cha figili ya mchuzi. Nikachukua figili. Nikauliza kama kuna nene zaidi.

Akasema, "Bibi, watu wanakuja hapa wanataka gari lipendeze. Wewe unataka litie aibu?"

Nikamwambia afunge mdomo afungue nati.

Kakataa! Kachukua sarafu ya yeni tano, ile yenye tundu, kaifunga uzi, kauning'iniza kutoka kwenye ukingo wa bodi juu ya gurudumu. Rimu ikiupita uzi, anasema, wakaguzi wanalikataa gari na gereji yake inafungwa. Nikamwambia ausogeze uzi. Akasema, "Uzi hausogezwi, Bibi. Uzi unaning'inia." Nikamwambia basi aukate. Tumebishana mpaka mkewe akaleta chai ili ninyamaze. Nikanywa, nikaendelea.

Zile nyembamba naye hazitaki, anasema hazina bolti zake kama zile nene, zinategemea za gari, nazo zinabaki fupi, nati haipati pa kushika. Zikabaki za kidole. Amefunga, ameweka uzi, ametoa, amepima tena, mpaka rimu ikasimama pale pale kwenye uzi, hata unywele haupiti. Mwanamume mzima, analamba midomo kama anapamba keki.

Kwangu inatosha. Zamani magurudumu yalikaa ndani kwa staha, kama miguu ya mzee chini ya blanketi. Sasa yamejitanua kama mlevi anayetafuta ugomvi. Aibu tupu! Nimerudi nyumbani nimejikunja kitini Tomie asinione. Ameniona.

Jumamosi, 8 Februari

Masanori hajagundua. Huyo hata mkewe alipokata nywele zote hakugundua.

Nimekaa garini asubuhi. Baridi. Nimemwambia Kyuji anisamehe kwa magurudumu, ni ya muda tu.

Jumapili, 9 Februari

Mnunuzi ni kijana anaitwa Tetsuhei. Nywele za manjano, ndala, na baridi yote hii. Nilichungulia dirisha la jikoni. Akachuchumaa kwenye gurudumu la nyuma. Nikasema, sasa atatapika.

Akatoa mfukoni uzi na sarafu! Naye anao! Akauning'iniza, akaweka shavu karibu na tairi, akamwita Masanori kwa sauti ya mtu aliyeoneshwa kitoto kichanga. "Kaka, nani kafunga hizi spesa? Zimekaa kwenye mstari! Hata mimi sijawahi kuzipatia hivi!" Akasema amezunguka mkoa mzima akitafuta gari lililokaa namna hii. Hataki punguzo. Analichukua.

Masanori, asiyejua tofauti ya spesa na sahani, akasema familia yetu hupenda kazi safi. Mwongo mkubwa!

Chiba au si Chiba, nikatoka. Nikamwambia kijana kwamba honi inalia yenyewe asubuhi, ni marehemu. Akacheka, akasema, "Safi sana, Bibi! Atakuwa ananiamsha niende kazini."

Nimeficha ufunguo ndani ya pipa la kachumbari.

Jumanne, 11 Februari

Masanori alikuwa na ufunguo mwingine.

Kijana ameinama mbele yangu vizuri, lazima niseme. Akaeleza kwa furaha atakavyolifanya. Viti vya mbele anavitoa leo leo, anaweka vya mashindano. Vya zamani atavitupa, havina kazi.

Ningeweza kumwomba kile cha Kyuji. Neno moja tu. Angenipa, niliona usoni mwake. Lakini mimi siombi watu wenye nywele za manjano. Nikamwambia avae soksi.

Gari limekata kona ya duka la tofu. Watu wawili wamesimama kulisifia.

Jumatano, 12 Februari

Nimeingia bandani asubuhi. Doa la oili chini. Nimesimama, kwa sababu hakuna pa kukaa.

Masanori amenogewa. Anasema Jumamosi anakuja mkulima wa vitunguu kuliangalia trekta la Kyuji.

Sikulia. Nimempigia Hosoya. Nimeuliza kama trekta nalo lina spesa. Zipo, akasema, nene kuliko za gari mara kumi, tena akaanza kunieleza kwamba wakulima wa vitunguu huzitafuta sana, magurudumu yasikanyage matuta. Nikamkatisha. Sikupiga simu kuulizia wakulima wanatafuta nini. Alete zile nene kuliko zote. Trekta lililotanua miguu hivyo, mkulima gani mwenye akili zake atalitaka?