Maji Kujaa na Kupwa Litein

Kwa furaha kubwa na mihuri mitatu, Serikali ilitangaza mwezi Aprili 1972 kwamba kinamasi kilicho chini ya soko la Litein sasa ni Hifadhi ya Kinamasi cha Pwani, mahali pa matembezi na kutazama ndege. Kwamba pwani yenyewe iko mbali, mwendo wa mchana na usiku wake kwa gari la moshi, ni jambo dogo waliloachiwa walimu wa jiografia.

Ukweli ni kwamba waraka uliandikiwa wilaya nyingine, ya baharini, ukapanda gari lisilo lake. Mtu mwingine angeurudisha. Bwana Omwenga, Msimamizi wa Hifadhi kwa muda wa majaribio, hakuwa mtu mwingine. Aliamini kwamba Serikali haipotei njia. Njia ndiyo hupotea. Akaupigilia waraka wote kwenye ubao, pamoja na jedwali la maji ya bahari. Jedwali lilisema hivi: saa tatu hadi saa sita mchana maji yamekupwa, watu wapite, kuanzia saa sita maji yamejaa, ni marufuku kukanyaga.

Alipewa pia darubini yenye jicho moja zima, na daftari la wageni lenye safu mbili: Mtazamaji, na Kilichotazamwa. Wiki tatu zikapita, daftari likabaki jeupe kuliko shati lake.

Mtu aliyehitaji kupita hapo kila siku alikuwa Tecla Chepkemboi, ambaye hakuhesabiwa kuwa mgeni kwa sababu hakuwa amevaa viatu vya matembezi, wala vingine. Shamba lake la chai liko ng'ambo hii, kituo cha kununulia majani kiko ng'ambo ile. Katikati kuna mafungu ya nyasi aliyoonyeshwa na mama mkwe wake alipoolewa, moja baada ya jingine: kanyaga hili, ruka lile. Dakika kumi. Kuzunguka kwa barabara ni maili sita, na majani yakikaa kikapuni maili sita huchemka yenyewe, hugeuka mekundu, na karani wa kituo huyamwaga chini bila hata kuuliza habari za watoto.

"Bwana Omwenga, nimechuma asubuhi yote," Tecla alisema siku ya kwanza. "Saa sita na nusu hii. Lori inakuja saa saba."

"Maji yamejaa, mama."

Tecla akakitazama kinamasi. Ndama alikuwa amelala katikati yake, anacheua.

"Maji gani?"

"Ya kwenye jedwali."

"Na hiyo jedwali, imewahi kulowa?"

"Usijibizane na bahari, mama."

Siku tatu mfululizo majani yake yakamwagwa. Siku ya nne alikuja bila utani. "Karani amesema akinikataa tena mara moja, ananifuta kwa kitabu. Nikifutwa, hiyo chai nitafanyia nini? Nikaange kama mboga?"

Omwenga alisikitika kwa niaba ya Serikali, kwa muda usiozidi dakika moja.

Kisha mvua ikanyesha siku mbili bila kupumua, na siku ya tatu Mkurugenzi Orina akawasili kutoka makao makuu, ndani ya suti ya kijivu, kukagua hifadhi na kuamua kama Omwenga ataajiriwa moja kwa moja. Tecla alikuwa amechuma tangu alfajiri ili apite mapema. Omwenga akamsimamisha pembeni na kikapu chake. Mkubwa akitembea, wananchi hungoja.

"Saa sita kasorobo, mkubwa. Maji yamekupwa," Omwenga akasema.

"Mzee, hapo ni maji," Tecla akasema. "Imenyesha."

Mkurugenzi akalitazama jedwali, akamtazama Tecla, akaiamini karatasi. Alipiga hatua nne zenye heshima zote. Ya tano ilikwenda chini na haikurudi. Magoti yakaifuata, kisha mkanda, kisha vifungo viwili vya koti.

"Omwenga, nipe mkono."

Omwenga aliinama, akaangalia viatu vyake, akaangalia saa. Sita kamili.

"Samahani, mkubwa. Maji yamejaa."

 

"Mimi najua pa kukanyaga," Tecla akasema. "Lakini nitashtakiwa."

"Futa hilo jedwali," Mkurugenzi akasema, kwa sauti ya mtu anayesimamia vidole.

"Linafutwa kwa barua, mkubwa. Yenye sahihi."

Barua ikaandikwa ukingoni, ikapelekwa kinamasini kwenye ncha ya ufito, ikarudi na sahihi na tope: kuanzia leo Tecla Chepkemboi na wote wenye majani wapite saa yoyote, milele. Tecla akaisoma polepole, jinsi alivyofundishwa kwenye darasa la watu wazima, akaikunja, akaifunga kwenye pindo la leso. Akajitwika kikapu. Fungu hili, fungu lile. Akampita Mkurugenzi karibu kiasi cha kumpa mkono.

"Mama, unaenda wapi?"

"Kwa kituo, mzee. Barua inasema wenye majani wapite. Ya kuvuta watu haikuandikwa." Akasita kidogo, maana hakuwa mtu mbaya. "Nikishapimiwa, narudi na kamba. Usirushe miguu, utazama haraka. Kaa tu kama uko ofisini."

Akaenda. Lori lilisikika ng'ambo likipanda mlima.

Hapo ndipo kong'ony wawili, wale korongo wenye taji la dhahabu kichwani, walipotua. Wakasogea hatua moja, wakasimama, wakainamisha vichwa, wakamkagua Mkurugenzi kwa makini ambayo hakuna mgeni aliyewahi kuonyesha. Omwenga, pale ukingoni, alijua kwamba ajira yake imezama pamoja na vile vifungo. Lakini kazi ni kazi. Akafungua daftari kwa mara ya kwanza.

Mtazamaji: kong'ony wawili.

Kilichotazamwa: Mkurugenzi mmoja. Wa kijivu. Haruki.