Nilivyovaa Kitanda cha Mtoto

Hamisi na Alfonsi, ndugu zangu,

Leo nimeaibika, na mashahidi ni wakwe zangu. Nawaandikia jioni hii hii ili barua iwahi treni ya kesho, maana najua habari itafika huko Dar es Salaam hata nisipoituma. Afadhali muipate kwangu mwenyewe kabla haijaota mkia.

Mnajua mke wangu Salima alijifungulia kwa mama yake, juu mlimani. Mtoto wa kiume. Arobaini ilikwisha wiki iliyopita, na nilitegemea wangeshuka siku ileile. Hawakushuka. Mjomba wa Salima, Mzee Banzi, alituma neno: mtoto hatalala kitanda kimoja na mimi. (Salima amewaambia kwamba nikilala napiga mateke. Ni kweli mwaka jana alianguka chini mara mbili. Kwamba niliyemsukuma ni mimi, hilo halijathibitishwa.) Nitafute kitanda cha mtoto peke yake, kiwe imara, na mjomba mwenyewe atashuka kukikagua. Kikimridhisha, mke na mtoto watabaki kwangu. Kisipomridhisha, atarudi nao mlimani wakae huko mpaka baada ya mavuno.

Hamisi, wewe wa pwani utauliza mjomba anaingiaje kwenye kitanda cha mwanangu. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye mwenye neno. Baba anashukuriwa kwa kulima. Nimelihoji jambo hili tangu nirudi kutoka shule na sijapata wa kunijibu. Wananitazama kwa huruma, kisha wananiongezea ugali.

Ukaguzi ulikuwa leo Jumapili, alasiri. Na leo asubuhi mimi nilikuwa bado sijaamua nichukue kitanda gani.

Haukuwa uvivu. Nilikuwa nachunguza. Kwa Mhindi mmoja kule sokoni kuna kitanda cha chuma kilichokuja kwa meli, cheupe kama yai, kina magurudumu. Nilikisukuma kwa kidole kimoja kikatoka mpaka barazani. Nikamwuliza mwenye duka kitatuliaje mahali pamoja. Akasema, "Weka jiwe." Kwa bei ile, na jiwe nitafute mwenyewe? Nikaenda karakana ya misheni. Wana kitanda cha mninga ambacho kingebeba ng'ombe. Lakini hakipiti mlango wangu, na kwa bei yake ingebidi niuze nyumba nihamie humo kitandani.

Akabaki Fundi Omari, ambaye karakana yake iko hapa hapa Bigwa, chini karibu na mto. Nilikuwa nimemwagiza kitanda juma lililopita, huku nikiendelea kuulizia kwingine. (Hilo hakulijua. Sasa anajua, maana Bigwa nzima inajua.) Asubuhi nikamkuta anamalizia. Fremu ya mvule, miguu minne inayofika magotini, kando zimezungushiwa fito. Chini, mahali pa kulala, amesuka kamba za ngozi ya ng'ombe kama wavu. Bei nafuu. Nikakitikisa, hakikulia.

"Kitabeba uzito gani?" nikamwuliza.

"Kitabeba mtoto."

"Mtoto wa uzito gani?"

"Karani, umemzaa wewe, unaniuliza mimi?"

Nikabonyeza zile kamba. Zilikuwa baridi na teketeke, zinabonyea kama tumbo la samaki.

"Fundi, hizi zimelegea."

"Ngozi bado mbichi. Husukwa ikiwa mbichi. Kiweke juani na usikiguse mpaka jua lishuke. Ikikauka inajikaza yenyewe."

"Umejuaje kwamba itajikaza?"

Fundi Omari akaweka tezo chini. "Baba yangu alikuwa anajua," akasema. "Na baba yake. Wewe nenda, usikiguse."

Hilo si jibu, mtakubaliana nami. Baba yake anaweza kuwa alikosea, na baba wa baba yake alimkosesha. Lakini sikuwa na muda wa mabishano. Nikalipa, nikakibeba kichwani hadi nyumbani, nikakiweka uani juani. Nikakaa kivulini nikikitazama.

Nilijitahidi. Nilikitazama tangu saa nne mpaka saa sita bila kukigusa. Saa sita nikakibonyeza kidogo. Bado kilibonyea. Nikaanza kuona picha: Mzee Banzi anafika, anaweka kiganja pale, kiganja kinazama, anamtazama Salima, Salima anafunga mtoto mgongoni upya, wanapanda mlima. Mavuno ni miezi minne.

Kazini kwangu stesheni, uzito wa gunia hauandikwi mpaka gunia lipande mizani. Ningewezaje kumkabidhi mwanangu kitu ambacho hakijapimwa? Nikafikiria kupakia mawe, lakini mawe yangekwaruza ngozi. Gunia la mahindi nililonalo sijui uzito wake. Kitu pekee nyumbani ambacho nilikuwa na hakika na uzito wake ni mimi. Kilo hamsini na nane. (Najipima kila Jumamosi kwenye mizani ya mizigo, bwana mkubwa wa stesheni akienda kula.)

Nikavua viatu. Nikaingia.

Mguu wa kulia ulitua juu ya kamba vizuri kabisa. Wa kushoto ulipofuata, ule wa kulia ukateleza katikati ya kamba mbili ukaenda chini. Nikajishika kwenye fito, nikaukanyaga wa kushoto kwa nguvu ili nijiinue, nao ukapita tundu lake. Nikashuka polepole, kwa heshima zote, mpaka nyayo zikagusa ardhi na kamba zikanibana mapajani. Nikawa nimesimama uani kwangu nimevaa kitanda.

Sikushtuka. Nilifikiri: palipoingia mguu, mguu utatoka. Nikavuta. Kumbe ngozi mbichi ni kama mgono, ule mtego wa samaki: kuingia ni ruhusa, kutoka hakuna. Kila nilipovuta juu, kamba zilikunjamana na suruali zikazidi kushika. Nikataka kuingia ndani nichukue kisu. Kitanda hakipiti mlangoni kikiwa na mtu. Nilijaribu kwa mbele, nikajaribu kwa ubavu, nikajaribu kwa kurudi nyuma kama punda anayeingizwa zizini. Halafu nikajiuliza: na kisu nikikipata? Nikikata kamba, mjomba atakagua nini?

Na jua lilikuwa linawaka. Nikaanza kuhisi mapajani kwamba Fundi Omari, na baba yake, na baba wa baba yake, walisema kweli.

Nikaamua kwenda kwake. Si mbali, na mwenye kusuka ndiye ajuaye kusukua. Wageni walisema alasiri, hivyo nilikuwa na muda wa kutosha. Nikakishika kitanda kwa mikono yote miwili, nikakiinua usawa wa kiuno, nikatoka. Njia ya kutoka kwangu hadi mtoni mnaijua, Alfonsi angalau anaijua: nyembamba, na pande zote mbili ni ua wa minyaa. Utomvu wake ukikuingia jichoni utakumbuka jina la aliyeipanda. Nikawa natembea katikati, miguu ya kitanda ikikwaruza minyaa huku na huku.

Kwenye kona nikasikia sauti za watu. Mwanamume akisema, "Tungechelewa mvua ingetukuta mlimani." Nikaijua ile sauti.

Walikuwa wamewahi.

Mbele Mzee Banzi na fimbo yake. Nyuma yake Salima, na kichwa kidogo kikichungulia mgongoni mwake. Nyuma kabisa, na kapu la mboga kichwani, mama mkwe.

Hapa Hamisi nikueleze tena. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani. Mkikutana njiani, mkwe mwanamume anatoka njiani, anachuchumaa, anageuzia uso porini mpaka mama apite. Naye mama anajifunika shuka usoni. Nimewahi kubishana na Salima usiku kucha kuhusu faida ya jambo hili. Leo sikubisha. Leo nilitaka kutii kwa moyo wangu wote. Lakini kulia minyaa, kushoto minyaa, na mimi nina upana wa kitanda.

Nikageuka nirudi nilikotoka. Miguu ya kitanda ikanasa kwenye minyaa, huku na huku, nikabaki nimegeuka nusu. Basi nikafanya kile kilichobaki. Nilichuchumaa. Na nilipochuchumaa, kitanda kikasimama chenyewe kwa miguu yake minne, katikati ya njia, nami nikiwa ndani. Nikajifunika kofia usoni.

Mtoto akapiga chafya.

"Nani huyo?" akauliza Mzee Banzi.

"Baba wa mtoto," Salima akajibu, kwa sauti ndogo.

"Anafanya nini?"

"Sijui, mjomba. Mimi si nilikuwa kwenu?"

Nikaona si adabu kunyamaza. "Shikamoo, mjomba," nikasema chini ya kofia.

"Marahaba."

Mama mkwe alikwisha kujifunika shuka na kugeukia minyaa. Hawezi kupita, maana njia nimeiziba. Hawezi kuniambia nipishe, maana hasemi nami. Akasema na ua:

"Salima, mwambie mwenzako ajibanze, nipite."

"Mama anasema ujibanze."

"Mwambie mama sina pa kujibanza."

"Mama, hana pa kujibanza."

"Mwambie basi atoke humo."

"Mwambie mama," nikasema, "ningeweza kutoka, wasingenikuta."

Salima hakufikisha ujumbe huo. Nilisikia kitu kama kikohozi, halafu kikohozi kingine. Mke wangu alikuwa anacheka, na mtoto mgongoni anarushwarushwa kwa kicheko cha mama yake. Siku arobaini na zaidi sijamwona mwanangu, na hivyo ndivyo tulivyokutana: yeye juu, mimi kitandani.

Mzee Banzi hakucheka. Alisogea, akagonga fremu kwa fimbo. Akashika kando kwa mikono miwili akatikisa, nikatikisika nami. Akainama akachungulia chini, akakagua kamba, na miguu yangu, kwa utulivu wa mtu anayenunua mbuzi.

"Hiki ndicho kitanda cha mtoto?"

"Ndicho, mjomba."

"Una uzito gani?"

Sikuamini masikio yangu. Tangu nianze kutafuta kitanda, huyu ndiye mtu wa kwanza aliyeuliza swali la maana.

"Kilo hamsini na nane."

"Kilo ni nini?"

"Ni kama nusu gunia na zaidi."

"Umo humo tangu lini?"

"Tangu adhuhuri."

"Umerukaruka?"

"Nimerukaruka sana, mjomba."

"Na hakijavunjika?"

"Hakijavunjika."

Akanyooka. "Basi. Mtoto atabaki."

Ningefurahi zaidi kama ningekuwa nimesimama. Bado nilikuwa sijatolewa. Mjomba akanishika kwapani akavuta, kitanda kikaja nami. Salima akamkabidhi mama yake mtoto, akakanyaga fremu, mjomba akavuta tena. Nikarefuka kidogo, nadhani, lakini sikutoka. Ndipo sauti ikatoka kule kwenye minyaa, taratibu, kama inayouongelesha ua:

"Kinachoshika ni suruali. Mpasueni suruali, halafu mumpake mafuta ya mtoto. Yako kapuni, kwenye kibuyu."

Ninayo suruali moja ya kazi. Ninaposema ninayo, nasema ilivyokuwa asubuhi. Mjomba alikuwa na kisu kiunoni. Salima akapasua mshono wa kulia, akapasua wa kushoto, kisha akamimina mafuta ya nyonyo, yale aliyokuwa akikandiwa mwanangu, akanipaka mapaja hapo njiani mchana kweupe. Mjomba akahesabu moja, mbili. Tatu sikuisikia. Nilitoka kama kokwa la embe, suruali ikabaki.

Nimesimama katikati ya njia ya Bigwa nimevaa shati la stesheni, lenye vifungo vya shaba vilivyosuguliwa vizuri.

Mama mkwe hakugeuka. Alimshika mtoto kwa mkono mmoja, kwa mkono wa pili akafungua shuka ya pili aliyojitanda, akairusha nyuma juu ya bega bila kutazama.

"Mpeni mkwe wangu ajifunge."

Ilinitua kichwani. Nikajifunga. Mzee Banzi akasema kwamba kuvaa nguo ya mama mkwe si jambo dogo, na kwamba nitatoa jogoo, mwekundu, kabla ya mwezi kuandama. Nikafungua kinywa nimwulize kwa nini mwekundu. Salima akanikanyaga mguu.

Sasa wamekwisha kula, na mjomba na mama mkwe wamepanda mlima kabla ya mvua. Kitanda kiko pembeni ya meza hii ninayoandikia. Mtoto amelala humo, ngumi zote mbili juu, ananuka mafuta kama mimi. Salima ameketi mlangoni anashona suruali. Kila baada ya mishono michache anasimama, anautazama ukuta, mabega yanamtikisika, kisha anaendelea kushona.

Nimemwomba asisimulie mtu. Amesema kwake halitatoka neno, nimwogope mjomba. Kuhusu mama yake nisiwe na wasiwasi wowote, kwa sababu mama mkwe hamtazami mkwewe. Alikuwapo tangu mwanzo mpaka mwisho, alitoa mashauri, alitoa mafuta, alitoa na nguo, lakini kwa mila yetu hakuona kitu.

Miaka yote hii nimekuwa nikiuliza mila ile ina faida gani. Ndugu zangu, nanyi naomba muishike: barua hii mmeipokea, ila hamkuisoma.