Nafasi ya Deysi Huarcaya ni Asilimia Sita

Jumatatu, 5 Agosti

Siku mbaya. Lima nzima ukungu, na ile mvua yetu isiyolowesha wala kukatika. Nimechelewa kidogo ofisini. Nikakaa mezani pangu, pale karibu na mlango wa choo, miaka sita sasa. Kila anayetoka ananisalimia kwa mkono wenye maji.

Mwaka huu lakini naondoka! Chuo cha biashara, kile kikubwa kabisa cha Marekani, jina silitaji nisijitie nuksi. Mara ya kwanza walinikataa kwa sababu nafasi za Waperu zilikuwa zimejaa. Mara ya pili kwa wivu. Nina miaka thelathini na moja. Nikikosa safari hii, basi tena, nitazeekea kwenye kampuni hii ya bima. Na mama ameshalitangazia jengo zima. Bi Zoraida wa ghorofa ya tatu ameshaniagiza manukato.

Nimejipimia mwenyewe nafasi yangu ya kukubaliwa, kwa haki: asilimia tisini na mbili. Hizo nane nimeziacha kwa ajili ya unyenyekevu.

Sasa sikia balaa. Saa nne anakuja Deysi Huarcaya wa kitengo cha madai, ameniletea mkate wa kwao Ayacucho. Anasema kwa sauti ndogo kwamba naye anaomba. Chuo kile kile! Amesikia mimi ndiye mjuzi wa mambo haya, basi nimpimie nafasi yake.

Nikauweka mkate chini. Vyuo vile havichukui wawili kutoka ofisi moja. Hakuna aliyeniambia, lakini mambo mengine mtu huyajua tu. Nikatabasamu. Nikamwambia tuonane Alhamisi, chakula cha mchana.

Alhamisi, 8 Agosti

Akufukuzaye hakwambii toka. Sikumwambia aache. Nilimwambia asilimia sita.

Tulikuwa kwa Mama Eudocia, pale kwenye kona. Deysi akanimwagia maisha yake yote. Baba yake anafuga simbilisi milimani, wale wadogo kuliko sungura tunaowala sikukuu. Amesoma kwa ufadhili. Amepambana. Mimi nakula wali wangu na kuku, nimekunja uso kama daktari. Kisha nikampasulia ukweli. Alama za mtihani ni ndogo. Kiingereza ni kizito kama gunia la viazi. Hajawahi kuongoza watu, hata kwaya. Nikangoja machozi.

Machozi hayakuja. Alitoa kalamu! Akaandika yote kwenye leso ya karatasi, akaniuliza aanze na lipi. Nikajibu bila kufikiri: mtihani. Akasema, "Ubarikiwe, kaka Edilberto. Wengine wote wananiambia tu utaweza, utaweza." Akaninunulia na bakuli la uji wa mahindi ya zambarau. Nikaula wote.

Jumatano, 28 Agosti

Ameurudia mtihani. Amenipita! Kumbe kila asubuhi alikuwa anafika ofisini kabla ya wafagiaji, anajifungia na vitabu. Kiingereza amekipata kwa mzee mmoja Mmarekani anayelisha paka pale bustanini Miraflores. Jioni zote wanalisha paka na kuzungumza. Na uongozi? Wachuuzi wa lile soko lililoungua mwaka jana wameunda chama, na mwenyekiti wao ni nani? Deysi.

Nikampima upya. Asilimia nne. Akashangaa, mbona imeshuka? Nikamwambia washindani wa mwaka huu ni wakali mno, hasa mmoja. Akasema basi itabidi akaze zaidi. Mungu wangu, huyu mtu ameumbwa na nini?

Insha yangu inakwenda vizuri. Sentensi ya kwanza tayari: "Tangu utotoni mimi ni kiongozi." Nimeiacha ipumzike.

Ijumaa, 30 Agosti

Sikukuu ya Mtakatifu Rosa. Mama akaniburuta kwenda kisimani kwake, kila mtu na barua yake ya maombi ya kutumbukiza. Foleni mpaka barabara ya pili. Barua yangu ilikuwa fupi. Nimemwomba mtakatifu anipe chuo, na Deysi ampe mume mwema, wa huko huko Ayacucho, mapema iwezekanavyo.

Mara namwona mwenyewe, mbele yetu, na shangazi yake! Akatukimbilia. Akamkumbatia mama kama wanajuana tangu zamani. Akasema ameandika majina mawili kwenye barua yake, lake na langu, na langu amelitanguliza kwa sababu mimi ni mkubwa. Mama akaniangalia, akasema, "Huyu binti ana moyo, baba. Wewe umemwombea nani?" Nikasema ni siri yangu na mtakatifu.

Niliona haya. Kweli kabisa, niliona haya, uso uliniwaka moto. Nikataka kuichana barua. Lakini foleni ikasogea, watu wa nyuma wakapiga kelele kwamba tusonge, nikaitupa hivyo hivyo. Tulipofika kwa muuza maandazi nilikuwa nimeshatulia.

Jumanne, 3 Septemba

Leo ni siku kuu! Yaani nimecheka peke yangu hadi Percy wa uhasibu akaniuliza kama naumwa.

Chuo kinataka barua ya mapendekezo kutoka kwa bosi. Sasa bosi wetu ni Injinia Bustíos, na mabosi wa huku hawakuandikii barua. Unajiandikia mwenyewe, yeye anatia saini. Ametuambia mimi na Deysi tuandike, tulete, tusimchoshe. Haya. Deysi akanifuata mezani, anavutavuta mkono wa sweta. "Kaka, mimi kujisifu siwezi, najionea aibu. Niandikie wewe." Ee Mtakatifu Rosa, kumbe unasoma upesi hivi!

Nikaanza na yangu. Jabali. Dira. Nguzo. Nyota ya bima nchini Peru. Kisa chochote sikuweka, visa vinashusha hadhi ya barua.

Kisha yake. Na sikusema uongo hata kidogo, dhamiri yangu ni safi. Nilieleza tu lile sekeseke la mwaka jana. Soko liliungua, kampuni ikataka kuwanyima wachuuzi fidia yao. Deysi akaenda huko mwenyewe, siku zake za mapumziko, akarudi viatu vimejaa majivu. Akasimama mbele ya wakurugenzi, akasema Injinia Bustíos ameusoma mkataba vibaya. Wakatazamana. Wakalipa. Nikaandika kwamba ni mbishi, hajui kunyamaza, na akiona jambo limepinda hata mkuu wake hamwonei haya. Nikafunga kwa kusema kumwongoza mtu huyu ni kazi ngumu. Nani atamtaka mtu wa hivyo darasani?

Injinia alitia saini zote mbili huku anazungumza kwenye simu habari za farasi wake. Hakuangalia hata tarehe. Katibu wake akazituma mchana ule ule.

Alhamisi, 17 Oktoba

Deysi ameitwa kwenye usaili. Mimi bado. Nadhani wanaanza na walio dhaifu ili wawaondoe njiani.

Atakayemsaili ni mama mmoja aliyesoma chuo hicho, sasa ni mkubwa kwenye kampuni ya madini. Deysi ana wasiwasi, ameuliza azungumzie nini. Mimi na ubongo wangu! Nikamwambia simbilisi. Nikamwambia mama huyo amechoka kusikia habari za mabenki, amweleze simbilisi wa baba yake, wanalala wapi, wanakula nini, wakiugua inakuwaje. Asiache kitu. Akauliza kama ni kweli au namtania. Nikaapa.

Ofisi nzima wanawake wamevaa zambarau, mwezi wa kumwadhimisha Kristo, Bwana wa Miujiza. Mama naye anafuata maandamano akiniombea. Nimemwambia asichoke miguu bure, jambo limeshaiva.

Jumatano, 23 Oktoba

Usaili wa nusu saa ulikwenda karibu asubuhi nzima. Deysi alimweleza jinsi kijiji kilivyopoteza simbilisi karibu wote kwa ugonjwa, na jinsi yeye, akiwa na miaka kumi na sita, alivyozunguka nyumba hadi nyumba kuwashawishi watu watenge wagonjwa na wazima. Kumbe naye aliwahi kuongoza! Hakuniambia. Anasema hakujua kwamba ule nao ni uongozi.

Yule mama ameagiza simbilisi wanne wa Krismasi.

Nimekaa. Nimekunywa maji. Mama aliponiuliza habari za chuo nikamwambia mambo yako jikoni. Halafu nikampima Deysi upya kwa maandishi: asilimia tatu.

Jumatano, 11 Desemba

Jibu langu limeingia asubuhi. Mistari mitatu. Wanasikitika.

Nilikwenda chooni, si mbali, nikafungulia bomba, nikalia. Hapa naweza kuandika, hakuna anayesoma. Sikulia kwa ajili ya chuo peke yake. Nilikuwa najiuliza nitamwambiaje mama, na yeye atalikabili vipi jengo zima. Na nilikuwa nafikiria meza yangu, kwamba nitatoka humu nirudi pale pale.

Nikiwa humo nikasikia vigelegele. Deysi amekubaliwa! Na ufadhili juu! Nilipotoka akanirukia shingoni. Akakata mkate wa Krismasi, akasimama juu ya kiti, akasema bila mimi angebaki na watu wa kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Makofi. Percy alipiga mluzi. Mimi nimeshika kipande cha mkate, macho mekundu, kila mtu anadhani ni furaha yangu kwake. Yaani hata huzuni yangu wameigeuza fadhila.

Kisha akaeleza yule mama wa madini alivyompigia simu kumpongeza. Kilichomfungulia mlango, kasema, ni barua ya bosi. Waliisoma mara mbili kwenye kikao. Hawajawahi kuona bosi anayekiri kwa saini yake kwamba mfanyakazi alimkosoa mbele ya wakurugenzi, na kwamba mfanyakazi alikuwa na haki! Injinia Bustíos alisikiliza mdomo wazi. Halafu akajikohoza, akasema yeye siku zote ni mtu wa kusema kweli.

Nyumbani mama alinitazama usoni tu. Akapakua. "Kula kwanza, baba." Baadaye nikamsikia ngazini anamwambia Bi Zoraida kwamba safari imesogezwa mbele kidogo, kazini wamekataa kuniachia. Nikasukuma sahani. Kisha nikaivuta tena, maana alikuwa amepika vizuri.

Jumatatu, 16 Desemba

Deysi kaniomba twende kwa Mama Eudocia, safari hii anipimie yeye. Kanisomea insha yangu yote hadi mwisho, kwa subira. Kisha akasema nafasi yangu si mbaya, kichwa ninacho, ila mtu akimaliza kusoma hajui hata jambo moja nililowahi kulifanya. "Tafuta jambo moja tu, kaka, lolote, ulifanye kweli. Kisha uliandike kama lilivyo. Hata mimi ulinisaidia hivyo hivyo, uliniambia panapouma."

Nilimshukuru kwa adabu. Masikini, sifa zimeshampanda kichwani. Eti jambo moja! Mtu mwenye macho anaona wazi kilichotokea. Barua yangu ilinisifu, nikatupwa nje. Barua yake ilimsema vibaya, akaingia. Wale watu wanapenda ubaya! Siri yenyewe hii hapa, na miaka mitatu yote nilikuwa naipita.

Nikarudi mezani, nikaandika barua mpya ya mwakani, niwahi mapema. Sijawahi kuandika kwa wepesi namna ile, maneno yalikuja yenyewe. Edilberto Zegarra huchelewa kila Jumatatu na siku nyingine pia. Akipewa kazi hutafuta wa kumpa. Muda mwingi wa ofisi huutumia kupima nafasi za watu wengine. Sukari ya ofisi haikai. Kumwongoza hakujawahi kujaribiwa, maana hapatikani. Nilimaliza kabla kahawa haijapoa.

Nikampelekea Injinia. Kwa mara ya kwanza maishani aliweka simu chini! Aliisoma yote. Akaisoma tena. Akamwita katibu wake naye aisome, katibu akatingisha kichwa akisema kweli, kweli, kila mstari. Injinia akaniambia kwa miaka sita sijawahi kumletea kazi iliyokamilika kama hii. Akatia saini kwa ile kalamu yake nzito ya kuonyesha wageni. Kisha akaniomba nakala, anataka kuipeleka mwenyewe ofisi ya utumishi, leo hii, kabla mikataba ya mwakani haijapitishwa.

Sijawahi kumwona bosi akinihangaikia namna hii.